"Nilichungulia Tu": Programu Mbili Kwenye Poti Moja

Usiku wa pili wa vipimo ndio tulioupoteza. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumefunga vihisi vitatu vya joto ndani ya kikaushio cha jua, ambacho ndicho project yetu ya mwaka wa mwisho. Bodi ndogo ya maikrokontrola ilisoma vihisi kila baada ya sekunde 10 na kutuma matokeo kwa waya hadi kwenye kompyuta ya maabara. Pale kulikuwa na programu niliyoiandika mimi, kazi yake ni moja tu: kupokea na kuhifadhi kwenye faili. Tulipanga saa 72 bila kukatika.

Asubuhi nikafungua faili. Mpaka saa 3 usiku kila kitu safi: T1=27.4, T2=26.9, T3=27.1. Baada ya hapo ni vipandevipande. "T1=2", halafu "6.9", halafu "=27", halafu herufi T peke yake, imesimama kama mtu aliyeachwa na basi. Saa 10 nzima ziko hivyo, na ni zile za usiku, ambazo ndizo tulizihitaji kuliko zote, maana swali letu lilikuwa joto linatunzwaje jua likishazama.

Mtu wa mwisho kuingia maabara alikuwa mwenzangu. Nikamuuliza.

"Nilichungulia tu kuona kama data inaingia," akasema. "Sikugusa kitu."

Alifungua dirisha lingine kwenye kompyuta ileile, akaielekeza minicom kwenye poti ileile, akaona namba zinapita, akaridhika, akafunga skrini kwa nywila akaenda kulala. Mimi sikumwamini. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la project, ambamo na msimamizi wetu yumo, kwamba kuna watu wanachezea kazi za wenzao. Jina sikulitaja, lakini grupu lina watu watatu. Hesabu rahisi. Mwenzangu hakujibu kitu, wala kesho yake hakuja maabara.

Aliyenifungua macho ni fundi wa maabara, mzee ambaye anakaribia kustaafu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mbona uso umekunjamana hivyo. Nikamweleza yote.

"Dada yako kasema kweli," akaniambia. "Hakugusa kitu. Ila kwenye poti ya seriali, kijana wangu, kuchungulia ndiko kugusa kwenyewe. Mimi yalinikuta nikiwa nasoma Uingereza, na kompyuta yangu ya Amiga. Nenda kasome wale walifanyaje, halafu urudi umwombe mwenzako radhi."

Nikaenda kusoma. Nilipakua nyaraka za zamani, nikaweka emuleta ya Amiga kwenye laptop yangu, wiki nzima nikawa naishi mwaka 1985. Haya ndiyo niliyorudi nayo, na naamini yatamfaa yeyote ambaye semista hii ana waya umetoka kwenye bodi kuingia kwenye kompyuta.

Sinia, si tangazo

Poti ya seriali ni mlango ambao biti hupita moja nyuma ya nyingine, kwa foleni, juu ya waya mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, na kwa mpangilio wa kawaida ambapo kila baiti hubebwa na biti 10 (biti 8 zake, moja ya kuanza na moja ya kumaliza), zinapita baiti 960 kwa sekunde. Hiyo ni karibu baiti moja kwa kila milisekunde.

Kuna mambo mawili ambayo sikuwahi kuyafikiria vizuri. La kwanza, baiti haina anuani. Kwenye mtandao kila pakiti hubeba namba ya inakokwenda. Kwenye waya wa seriali inafika herufi tupu, kama bahasha isiyo na jina iliyosukumwa chini ya mlango wa chumba cha hosteli chenye watu wanne. La pili ndilo lililotuua sisi: kusoma ni kuchukua. Faili ni kama tangazo ukutani, tunalisoma wote na linabaki palepale. Poti ni sinia la pilau. Tonge nililokula mimi, wewe huli.

Kwa hiyo mwenzangu alipofungua dirisha lake, hatukuwa tena na nakala mbili za data. Tulikuwa na wasomaji wawili wanaogombea sinia moja. Vipande ambavyo havikuwa kwenye faili langu vilikuwa vinapita kwenye skrini yake iliyofungwa, usiku kucha, bila mtu wa kuvitazama na bila kuhifadhiwa popote.

Amiga na swali ambalo wengine hawakuwa nalo

Commodore waliizindua Amiga ya kwanza, Amiga 1000, mjini New York tarehe 23 Julai 1985. Prosesa yake ilikuwa Motorola 68000 ya takriban megahezi 7, na kumbukumbu yake ya kuanzia ilikuwa kilobaiti 256. Picha moja ya simu yako leo isingeenea humo hata kwa kusukumwa.

Pamoja na udogo huo, mashine ile iliweza kuendesha programu nyingi kwa wakati mmoja. Kiini cha mfumo wake, kinachoitwa Exec, kiliandikwa na Carl Sassenrath, na kilimgawia kila mmoja muda wake wa prosesa bila kusubiri hiari ya programu. Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule hazikuwa hivyo. Kwenye Commodore 64, au kwenye PC yenye DOS, kwa kawaida programu moja hushika mashine nzima, kwa hiyo swali la poti ni ya nani halitokei. Ni ya huyo aliyepo. Amiga ilileta majirani ndani ya nyumba, na majirani wakaleta maswali ya choo cha pamoja.

Maana poti yenyewe ilikuwa moja tu. Kwenye Amiga 500 ilikaa nyuma ya mashine, ina pini 25, na kila mtu aliitaka: modemu ya kupiga simu, kinanda cha muziki cha MIDI, printa ya seriali, waya wa kwenda kompyuta nyingine. Iliendeshwa na chipu inayoitwa Paula, ileile iliyoshughulikia sauti na disketi. Paula haina nafasi ya kurundika. Inashika baiti moja iliyokwishafika huku nyingine ikiwa njiani. Prosesa isipoichukua ile ya kwanza kabla ya pili kukamilika, moja inapotea, na Paula inainua biti maalumu kuarifu kwamba mzigo umemwagika. Kwa kasi ya 9,600 una milisekunde moja ya kufika. Kwa MIDI, inayokwenda biti 31,250 kwa sekunde, una theluthi moja tu ya hiyo milisekunde.

Kwa hali hiyo huwezi kuziacha programu mbili zikimbilie chipu kila moja kivyake. Lazima awepo wa kusimama mlangoni. Amiga ikaishia kuwa na milango mitatu, mmoja juu ya mwingine.

Mlango wa kwanza: daftari la funguo

Chini kabisa kuna kitu kinachoitwa misc.resource. Hakitumi wala kupokea chochote. Ni kama lile daftari la getini unaposaini kuchukua ufunguo wa ukumbi. Anayetaka kuishika chipu mwenyewe anaomba hapa na kuandika jina lake. Kama iko huru, anapewa. Kama imeshikwa, anarudishiwa jina la aliyeishika. Hapo nilisimama kidogo. Mfumo wa mwaka 1985 haukuishia kusema "haiwezekani". Ulikwambia nenda kamwone fulani.

Mlango wa pili: draiva na foleni yake

Juu ya daftari kuna draiva, serial.device. Programu za kawaida haziigusi chipu. Zinaandika ombi, "nitumie baiti hizi" au "nipe baiti 20 zikifika", na kulipeleka kwa draiva kama barua. Draiva inazipanga barua kwenye foleni na kuzihudumia kwa zamu, aliyewahi ndiye wa kwanza.

Kwa kawaida draiva hii hufunguliwa na mmoja tu. Wa pili akija anaambiwa ina shughuli. Lakini watengenezaji waliacha alama moja, SERF_SHARED. Ukiiweka wakati wa kufungua, umekubali kuchangia, na wengine wanaoingia kwa alama hiyohiyo wanapokelewa. Mmoja akiwahi kuingia bila alama hiyo, amefunga mlango kwa wote mpaka atoke.

Nilipofika hapo nikajisemea, kumbe tatizo lilikwisha. Halikwisha. Kuchangia kwa namna hii kunafaa pale wote mnapotuma tu. Kila ombi linakamilika kabla ya linalofuata, kwa hiyo programu mbili zinaweza kupeleka mistari yao kwenye printa moja bila maneno kuchanganyika katikati ya ombi. Kwenye kupokea, foleni ileile ndiyo inayoleta balaa. Chukulia programu A na programu B kila moja imeomba baiti moja, na ikipata inaomba nyingine. Simu inaita, modemu inaandika RING. A inapata R, B inapata I, A inapata N, B inapata G. Draiva imetenda haki kabisa, hakuna aliyependelewa, na hakuna aliyejua kwamba simu inaita.

Na kuna la kasi. Poti ni moja, na kasi yake ni moja. Draiva itakataa kuibadili wakati kazi iko katikati, lakini ikitulia tu, anayewahi kuibadili amewabadilishia wote. Mwingine atakayekuja kusoma atakuta takataka na kudhani waya umekatika.

Ndiyo kusema alama ya kuchangia ilijibu swali la "tunaweza kuingia wote?" Haikujibu swali la "hii iliyofika ni ya nani?" Ni maswali mawili tofauti, na mimi maisha yangu yote nilidhani ni moja.

Mlango wa tatu: kufuli lenye jina na kengele

Mlango wa tatu haukuja na mashine. Ulijengwa na watumiaji wenyewe, na sababu ilikuwa modemu.

Mtu alikuwa akiacha Amiga yake inawaka usiku kucha. Programu moja inasubiri simu za wageni wanaokuja kusoma na kuacha ujumbe. Nyingine, ikifika saa yake, inapiga simu kubadilishana barua na mashine nyingine kupitia FidoNet, mtandao wa kujitolea ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984. (Mtandao huo ulifika mpaka kwetu: mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya mashirika ya Nairobi yalituma barua pepe zao kwa njia ya FidoNet, ingawa si kwa Amiga.) Na mwenye nyumba naye anataka kupiga simu yake. Wote wanataka modemu ileile, waya uleule.

Kama anayesubiri simu ataishika poti moja kwa moja, hakuna mwingine atakayepiga. Kama wataichangia kwa ile alama, ni RING ya kugawana herufi. Ndipo ikaja OwnDevUnit.library, maktaba ndogo ambayo programu zilikubaliana kuipitia kabla ya kufungua draiva. Utaratibu wake ni huu. Unaomba kufuli la kifaa fulani, namba fulani, na unaacha jina lako. Kama liko huru, ni lako. Kama limeshikwa, una hiari: ungoje zamu yako, au ujaribu mara moja na kurudi na jina la aliyelishika.

Kilichonifurahisha ni kengele. Anayelishika kufuli anaweza kusema: akija mtu anayelihitaji, nigutueni. Ile programu inayosubiri simu usiku kucha inalishika kufuli kwa masharti hayo. Mwenye nyumba akitaka kupiga, kengele inalia, msubiri anafunga draiva, anaachia kufuli, anakaa pembeni. Simu ya mwenye nyumba ikiisha, anarudi kwenye zamu yake. Anayeshika poti bila kazi ya haraka anampisha mwenye haraka, na hakuna baiti iliyopotea.

Makufuli haya yanashindwa wapi

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa peponi. Kufuli la namna hii ni la adabu. Linamzuia anayebisha hodi tu. Programu isiyoijua maktaba ile ilipita kana kwamba hakuna mlango. Hata draiva ilirukwa: wasanifu walikuwa na njia ya kuandika ujumbe wa kutafutia makosa moja kwa moja kwenye chipu, kwa kasi ya 9,600, bila kumwomba mtu yeyote.

Baya zaidi ni kifo. Amiga haikuweka kumbukumbu ya nani ameshika nini. Programu ikianguka ghafla, hakuna anayekuja kukusanya mali zake. Poti inabaki "imeshikwa" na mtu ambaye hayupo, kengele inalia, marehemu haitiki. Dawa ilikuwa kuzima na kuwasha upya.

Kwenye Unix walilijibu hili kwa njia yao. Programu ilipoishika poti iliacha faili dogo lenye jina linaloanza na LCK, na ndani yake namba ya mchakato ulioishika. Anayefuata anaisoma namba hiyo na kuuliza mfumo: huyu bado yupo hai? Kama hayupo, kufuli linatupwa. Kwa suala la marehemu, Unix iliishinda Amiga. Kwa suala la kengele, Amiga ilikuwa mbele.

Kosa lilikuwa la nani

Sasa turudi maabara kwetu. Watumiaji wa Windows mnajua kwamba poti ya COM ikishafunguliwa na programu moja, ya pili inakataliwa papo hapo. Huo ni ule mlango wa pili wa Amiga, bila alama ya kuchangia. Kwenye Linux mambo ni kinyume: usiposema kitu, kila mwenye ruhusa anaingia. Ukitaka kufunga, ni juu yako kuomba.

Mimi sikuomba. Programu yangu ilifungua /dev/ttyUSB0 na kukaa, bila kufuli la aina yoyote. Na hapa ndipo nilipoona aibu. Minicom, aliyoitumia mwenzangu, ni programu ya zamani yenye adabu za zamani. Kabla ya kuingia, huangalia kama kuna faili la LCK la poti hiyo. Yeye alibisha hodi. Mimi ndiye niliyekaa ndani kimya bila jina mlangoni, halafu nikamwita mwizi.

Nimerekebisha mambo matatu, na ukitaka yachukue bila kuniuliza. Kwanza, kwenye pyserial nimeweka exclusive=True wakati wa kufungua poti. Hilo ni kufuli la adabu, linafanya kazi kwa wanaoliheshimu. Pili, nimeongeza ombi la TIOCEXCL, ambalo mfumo wenyewe unalisimamia: wa pili anakataliwa hata kama hana adabu, isipokuwa mwenye mamlaka ya root. Tatu, na hili ndilo lililomaliza ugomvi, tumekubaliana kwamba poti ina msomaji mmoja tu. Anayetaka kuchungulia anachungulia faili, kwa amri ya tail -f. Mmoja anachota kisimani, wengine wanakunywa kwenye mtungi. Kama una watu watano kwenye project, wote watano wataona data bila kunyang'anyana.

Radhi niliomba kwenye grupu lilelile, msimamizi akiwemo, maana nilikotukania ndiko nilikopaswa kufutia. Nilieleza kwamba programu yenye kasoro ni yangu, na kwamba mwenzangu alifanya kile ambacho mtu makini angefanya: alikwenda kuhakikisha kazi inaendelea. Msimamizi akatupa siku nne za kurudia vipimo. Mwenzangu akaandika mstari mmoja: "Sawa. Ila usiku huo unalala maabara wewe."

Nililala. Saa 3 usiku mlango ukafunguliwa, akaingia na chupa ya chai.

"Naruhusiwa kuchungulia?"

"Faili," nikamjibu. "Chungulia faili."

Akavuta kiti, akaandika amri yake, na namba zikaanza kushuka kwenye dirisha lake. Nikatupia jicho kwenye langu. T1=27.2, T2=26.8, T3=27.0. Zimekamilika, kila mstari na herufi zake zote.